Saa Kumi na Tano za Angani na Saa Zetu za Chini



Juma lililopita, wakati wa chai ya usiku, kijana mmoja aliye mgeni katika zamu yetu alituuliza swali alilodhani ni jepesi: "Kutoka hapa Embakasi mpaka New York ni saa ngapi?" Tulikuwa watu sita mezani, na majibu yakatoka manne. Mmoja alisema ni saa saba. Wa pili alisema ni saa kumi na tano. Wa tatu, ambaye dada yake alirudi kutoka huko si zamani, alisema ni saa ishirini na mbili. Mzee wetu wa mizigo, ambaye hasemi mengi, alisema, "Inategemea anayehesabu ni nani."

Tulicheka sote. Lakini tulipokwisha kucheka tuliona kwamba mzee amesema neno kubwa, na kwamba yafaa tuliandike katika gazeti letu hili, kwa sababu ndilo neno tunalogombana nalo kila mwisho wa mwezi tunapotazama bahasha ya mshahara. Basi na tuanze na safari yenyewe, kisha tutakuja kwa habari zetu.

UMBALI WENYEWE

Kutoka kiwanja cha Jomo Kenyatta hapa Nairobi mpaka kiwanja cha John F. Kennedy huko New York ni karibu kilomita 11,800, yaani maili 7,350 hivi. Huo ni mwendo wa mstari ulio mfupi kuliko yote. Mtu akitazama ramani iliyobandikwa ukutani atadhani ndege huenda moja kwa moja magharibi, ipite Kongo na kukata bahari. Sivyo. Dunia ni mviringo. Chukua mpira na uzi, shika ncha moja ya uzi penye Nairobi na ncha ya pili penye New York, kisha vuta uzi mpaka ukaze. Utaona umepanda kaskazini magharibi, ukapita juu ya jangwa la Sahara na nchi ya Algeria, ukatokea karibu na Morocco, ndipo ukaingia bahari ya Atlantiki. Njia halisi hubadilika kidogo kila usiku kwa ajili ya upepo na hali ya hewa, lakini umbo lake ni hilo.

Ndege inayofanya safari hii bila kushuka njiani ilianza tarehe 28 Oktoba 1918? La, ndugu, tusikosee kama alivyokosea kijana wetu aliyekuwa akitupigia taipu: ni 2018. Ndipo Kenya Airways ilipotuma Boeing 787 yake ya kwanza moja kwa moja mpaka New York, ndege yenye viti 234, marubani wanne na wahudumu kumi na wawili, na kwa hesabu iliyotangazwa na shirika lenyewe, mafuta kama tani 85 kwa safari ya upande mmoja.

Ndege ya namna hiyo huenda kama kilomita 900 kwa saa moja. Mwenye kujua kugawanya atasema 11,800 kwa 900 ni saa kumi na tatu na kidogo. Mbona basi huandikwa saa kumi na tano? Kwanza, ndege haianzi kwa mwendo huo. Hutambaa kwanza chini, hupanda polepole kwa sababu ya uzito wa mafuta, na mwisho hushuka polepole na kungoja zamu yake ya kutua. Pili, huko juu, katika nchi za kaskazini, upepo mkubwa huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Amerika hupambana nao uso kwa uso. Anayerudi husukumwa nao mgongoni. Ndiyo maana kwenda ni karibu saa kumi na tano na kurudi ni karibu kumi na nne, ingawa umbali ni ule ule.

Tena kuna jambo la mji wetu wenyewe. Embakasi ni juu ya mlima ukilinganisha na pwani: futi 5,330 kutoka bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya joto ni nyepesi zaidi, na bawa la ndege hushikwa na hewa. Kwa hiyo ndege nzito hupenda kuondoka hapa usiku, wakati wa baridi. Usiku huo ndio usiku wetu. Baridi inayomsaidia rubani kupanda ndiyo inayotupiga sisi mifupani tukiwa na mikokoteni ya mizigo.

SAA YA UKUTANI NI MWONGO

Sasa turudi kwa yale majibu manne. Aliyesema saa saba hakuwa mjinga. Alitazama saa za ukutani. New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao, na saa saba wakati wa joto lao. Mtu akiondoka hapa saa sita usiku wakati wa baridi hiyo, na akakaa angani saa kumi na tano, huku kwetu itakuwa saa tisa alasiri, lakini kule ukutani atakuta saa moja ya asubuhi. Kwa saa ya ukutani amesafiri saa saba tu! Akirudi, akaondoka kule saa sita mchana na kukaa angani saa kumi na nne, atafika hapa saa nne ya asubuhi ya siku ya pili. Kwa saa ya ukutani amesafiri saa ishirini na mbili. Ndiyo hesabu ya yule dada.

Mwili wa binadamu haudanganywi na ukuta. Aliyekaa saa kumi na tano amekaa kumi na tano, hata saa ya ukutani ikisema saba. Macho yanajua, mgongo unajua, miguu iliyovimba inajua. Hebu fikirini kama wahudumu wa ndani wangelipwa kwa saa ya ukutani: wakienda wangeibiwa saa nane, na hakuna tajiri ambaye angekubali kuwalipa saa nane za zawadi wakirudi. Hakuna mtu anayethubutu kusema jambo kama hilo kwa watu wa angani. Lakini kwetu sisi wa chini linasemwa kila juma, kwa maneno mengine.

HESABU MBILI ZILIZOMO KATIKA SHERIA

Wengi wetu hatujui kwamba kanuni za ndege za dunia nzima, zinazotoka katika shirika la usafiri wa anga lililoundwa na mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, zina hesabu mbili za saa, wala hazizichanganyi. Hesabu ya kwanza ni saa za ndege: huanza ndege inapojongea mara ya kwanza ili iondoke, na huisha inaposimama kabisa mwisho wa safari. Hesabu ya pili ni saa za kazi ya safari: huanza saa ile ambayo rubani au mhudumu ameamriwa kuripoti kazini, hata kama ndege bado imelala na taa zimezimwa, na huisha ndege inaposimama na injini kuzimwa baada ya safari ya mwisho.

Tazameni vizuri. Ndege ikichelewa saa tatu kwa sababu ya ukungu au ubovu wa chombo, saa za ndege haziongezeki hata dakika moja. Lakini saa za kazi ya safari zinakwenda. Rubani aliyeketi akingoja anahesabiwa kuwa yuko kazini, na saa zake zikizidi kipimo haruhusiwi kurusha ndege, hata abiria wapige kelele namna gani. Ndiyo sababu safari hii ya New York huchukua marubani wanne, si wawili, na ndani ya ndege pana vitanda vya kulala kwa zamu. Hawakuwekewa vitanda kwa kupendwa. Waliwekewa kwa sababu dunia ilijifunza kwa msiba kwamba mtu aliyechoka hukosea.

Hatuwaonei wivu. Kuna wanachama wanaosema marubani ni wakubwa, mshahara wao si kama wetu, vita vyao si vyetu. Sisi twasema hilo ni kosa. Kanuni waliyoipata ni mali ya kila mfanyi kazi, maana inasema jambo moja la kweli: kungoja kwa amri ni kazi. Ikiwa jambo hilo ni kweli futi elfu arobaini juu ya ardhi, haliwezi kuwa uongo chini.

USIKU MMOJA KIWANJANI

Tutaeleza yaliyotokea kwetu usiku mmoja. Hatutataja mwajiri, kwa sababu yeye si wa pekee katika mambo haya na shauri lenyewe bado liko mezani.

Ndege iliyotoka mbali ilitazamiwa saa tano usiku. Wapakizi kumi na mmoja waliitwa kuingia saa nne. Walisimama mlangoni katika mstari wa kupekuliwa kwa karibu nusu saa. Nusu saa hiyo haikuandikwa, kwa sababu mashine ya kadi iko ndani, si mlangoni. Habari zikaja kwamba ndege imechelewa saa nne. Msimamizi akawaambia wapige kadi ya kutoka, kisha wasiondoke. Soma tena, ndugu: wapige kadi ya kutoka, kisha wasiondoke. Wakaketi juu ya mikokoteni, wengine wamejifunika makaratasi ya nailoni. Matatu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo hata aliyetaka kwenda asingeweza. Ndege ikatua saa tisa ya usiku. Wakapiga kadi ya kuingia, wakashusha, wakapakia, wakamaliza saa mbili ya asubuhi. Kadi ikasema wamefanya kazi kama saa sita. Wake zao nyumbani walijua wametoka saa mbili za usiku na kurudi saa nne asubuhi: ni saa kumi na nne, sawa na safari nzima ya kutoka New York mpaka hapa. Saa kumi jioni siku ile ile watatu kati yao walitakiwa tena kazini. Mmoja aliponda vidole viwili katika mlango wa kontena kabla ya saa mbili usiku.

Walipouliza, waliambiwa kwamba kampuni hailipi watu kwa kulala.

Sisi twauliza: je, yule rubani wa ndege hiyo alipokuwa akingoja katika nchi nyingine injini itengenezwe, aliambiwa kwamba yuko nje ya kazi? Ucheleweshaji ulikuwa mmoja, chombo kilikuwa kimoja, usiku ulikuwa ule ule. Angani kungoja kumeitwa kazi, na chini kumeitwa usingizi.

Wala wasituambie kwamba uchovu wa mpakizi hauna hatari. Mzigo katika ndege haupangwi ovyo. Kila kontena lina mahali pake, na uzito wa mbele na wa nyuma hupimwa, kwa maana ndege isiyo sawa huweza kuanguka. Mlango wa mizigo usiofungwa barabara ni hatari ya watu wote walio juu. Fundi anayekaza nati saa kumi ya usiku, mfagiaji anayetafuta kitu kilichosahauliwa chini ya kiti, dereva wa gari la mafuta, mlinzi anayetazama picha za mizigo: hawa wote wameshika maisha ya abiria mikononi. Abiria haoni nyuso zao, lakini amewaamini.

MAMBO HAYA YANA MIZIZI

Kiwanja cha Embakasi kilijengwa wakati wa Hali ya Hatari, na waliochimba na kubeba mawe wengi wao walikuwa mahabusu waliofungwa na Serikali ya kikoloni. Hakuna aliyehesabu saa zao. Kilifunguliwa Machi 1958. Mama yake Malkia wa Uingereza ndiye aliyetazamiwa kukifungua, lakini safari yake kutoka Australia ilicheleweshwa, ikabidi Gavana Evelyn Baring afungue badala yake. Basi tangu siku ya kwanza kiwanja hiki kimejua maana ya ndege kuchelewa! Hapana shaka wakubwa waliongojea siku ile hawakukatwa posho.

Na njia hii ya New York ina historia yake katika vyama vya wafanyi kazi. Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka hapa kwa ndege kwenda Amerika kusoma, katika mpango uliosimamiwa na Ndugu Tom Mboya, ambaye alikuwa Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour, pamoja na rafiki zake wa Amerika. Mwaka uliofuata wakaenda wengine wengi, na miongoni mwao alikuwa binti kutoka Nyeri, Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wakati ule hapakuwa na ndege ya abiria iliyoweza kukata umbali huo bila kushuka kujaza mafuta. Leo safari imefupishwa kwa ufundi. Na kabla ya hapo, katika mwaka 1932, eropleni za Imperial Airways kutoka London mpaka Cape Town, zikipitia huku kwetu, zilichukua siku kumi na zaidi.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Siku kumi zimekuwa saa chache, na kila saa iliyopunguzwa imeleta faida kwa mwenye ndege na raha kwa abiria. Sisi hatupingi ufundi. Tunaufurahia, na wengi wetu tumeuza jasho letu ili uwezekane. Lakini tunauliza, saa zilizopunguzwa zimekwenda wapi? Kwa mpakizi usiku haujafupishwa. Ndege hukaa chini kwa muda mfupi kuliko zamani ili iruke tena upesi, maana ndege iliyolala haileti fedha, na upesi huo ni mikono yetu.

TUNATAKA NINI

Mwaka 1919, mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi la dunia ulipitisha mkataba wake wa kwanza kabisa, nao ulikuwa juu ya saa: nane kwa siku, arubaini na nane kwa juma, katika viwanda. Hapa Kenya amri ya jumla ya mishahara inaweka saa 52 kwa juma katika siku sita, na 60 kwa kazi ya usiku. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa kila mtu siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyi kazi haki ya kutendewa kwa uadilifu na kuwa na chama. Kwa hiyo hatuombi kitu kigeni. Tatizo letu si idadi ya saa iliyoandikwa. Tatizo ni saa huanza kuhesabiwa lini na huisha lini. Ukimwachia mwingine kushika kipimo, hata sheria nzuri itakupunja.

Matajiri watasema kwamba gharama ni kubwa, mafuta ni ghali, mashirika yana madeni. Twajua hayo, hatuishi mwezini. Lakini ndege ikichelewa, mwenye kiwanja hulipwa kwa muda ambao ndege imekaa, na hoteli hulipwa kwa abiria waliolala. Wote hulipwa kwa kungoja. Mbona anayengoja juu ya mkokoteni peke yake ndiye angoje bure?

Kwa hiyo katika mazungumzo ya mkataba mpya tumekubaliana kusimama juu ya mambo matatu, wala si mengi. La kwanza, saa ya kazi ianze wakati mtu alioamriwa kufika mlangoni, na kupekuliwa kuwe ndani ya kazi. La pili, ndege ikichelewa, anayeambiwa asiondoke ahesabiwe yuko kazini, na kadi isipigwe mpaka aachiliwe kweli. La tatu, kati ya mwisho wa zamu moja na mwanzo wa nyingine zipite saa kumi na moja kamili, na anayemaliza usiku wa manane apelekwe nyumbani kwa gari.

Hatudai kulipwa kwa njia ya kutoka kitandani mpaka lango la kiwanja, ingawa wako wanaodai hivyo na hatuwalaumu. Tunadai kile ambacho tayari kimekubaliwa juu ya mawingu.

Wakati mazungumzo yanaendelea, kila mwanachama na afanye jambo moja dogo. Nunua daftari la shilingi chache. Andika saa uliyofika mlangoni, saa ya kadi, saa za kungoja, saa uliyotoka. Andika usiku ule ule, usingoje kesho, kwa maana kumbukumbu nayo huchoka. Mkabidhi mjumbe wa zamu yako nakala kila Jumamosi. Tukifika mezani na madaftari mia mbili, hakuna atakayetuambia kwamba tunasema kwa hasira tu.

Na yule kijana aliyeuliza, tunamjibu hivi: kutoka hapa mpaka New York ni saa kumi na tano kwa rubani, saba kwa ukuta, na kwa mfanyi kazi ni tangu alipoitwa mpaka alipoachiliwa. Amekwisha kununua daftari lake.